Barua ya Wazi kwa Kamati za Sherehe za Pwani ya Kilwa na Lindi

Kwa wenyeviti, makatibu na washika hazina wa kamati za sherehe, yaani vikao vya jamaa na majirani vinavyokusanya michango ya unyago na harusi kuanzia Kilwa Kivinje hadi Mchinga, salamu zinatolewa pamoja na pongezi za dhati.

Pongezi hizo zinatokana na ufanisi ambao Serikali yenyewe haijaufikia. Sheria ya mwaka 1999 ya kukuza huduma za ajira humtaka wakala binafsi anayewatafutia watu kazi asajiliwe kwanza. Kamati, kwa upande wake, haina ofisi, leseni wala muhuri, bali ina daftari moja la shule, na kwa daftari hilo humfikisha msichana kwenye kazi za ndani Maskati, Omani, bila mjumbe hata mmoja kumtamkia aende.

Utaratibu wake unastahili kuelezwa kwa kina. Ahadi za michango husomwa kwa sauti mbele ya kikao. Familia yenye binti Uarabuni hupangiwa mara mbili ya jirani yake kwa hoja kwamba "kwao mambo yamenyooka", na familia isiyo na mtu ng'ambo husomwa mwisho, kwa upole unaouma kuliko matusi. Mama hurudi nyumbani bila kusema kitu, hutazama paa lake la makuti, kisha msichana aliyemaliza kidato cha nne, ambaye mwani na pweza wa msimu havimtoshi hata kulipia doti za sare, "anaamua mwenyewe" kutafuta pasipoti. Hata yeye huamini kwamba uamuzi ni wake, na hapo ndipo ulipo ustadi wa kamati.

Wapo wanaolinganisha safari hizi na biashara ya watumwa iliyoitajirisha Kilwa Kivinje kabla ya mkataba wa mwaka 1873 kati ya Sultan Barghash na Uingereza. Ulinganisho huo hauzitendei haki kamati, kwa kuwa wafanyabiashara wale walihitaji minyororo.

Yanayofuata baada ya safari hayamo daftarini. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Novemba 2017, liliwahoji wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Omani na Falme za Kiarabu, na wengi wao walieleza kunyang'anywa pasipoti na kufanyishwa kazi saa nyingi bila siku ya kupumzika, chini ya kafala, yaani mfumo unaofunga kibali cha mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Wapo pia waliolipwa vizuri wakapandisha bati, na hao ndio pekee wanaotajwa vikaoni. Anayerudi mikono mitupu huulizwa tu alikosea wapi.

Kwa kuwa kamati zinafanya kazi ya wakala, zinaombwa zijisajili. Zikiona usajili ni usumbufu, basi daftari liongezewe safu tatu: jina la wakala aliyesajiliwa, nakala ya mkataba na namba ya simu ya ubalozi wa Tanzania mjini Maskati, ahadi nazo zisisomwe tena kwa sauti. Majibu yanaombwa kabla shule hazijafungwa Desemba, maana msimu wa unyago ukishaanza hakuna mjumbe atakayepata nafasi ya kusoma barua.