Jinsi ya Kupitisha Wimbo Mchafu Redioni Bila Jasho

Mwanangu, umeshapata biti ya singeli kutoka kwa prodyuza wa Mbagala, umeshaandika mistari, na mistari yenyewe haisomeki mbele ya mama mkwe. Usiogope. Sogea hapa, fuata hatua hizi moja baada ya nyingine. Wakubwa zako wamezipita zote na zinafanya kazi. Kwamba zinafanya kazi ndiyo kidonda changu, lakini tutafika huko.

Hatua ya kwanza: vaa fumbo

Tusi la nguoni usilitaje, hilo linakamatwa mlangoni. Nenda sokoni Tandika, au bwawani, au stendi ya mabasi, uchague jina lisilo na kosa lolote. Snura alimchukua chura. Roma Mkatoliki alichukua bamia, akaipunguza ikawa kibamia. Rayvanny na Diamond Platnumz walifunga safari hadi Mwanza wakachukua Nyegezi, jina la mtaa ambalo kila msafiri wa Kanda ya Ziwa amewahi kulitamka akiulizia basi. Mnyama, mboga na kituo cha basi! Mwalimu anaweza kuyaandika yote ubaoni, na bado Tandale nzima ilielewa kinachosemwa.

Utaniuliza: si walifungiwa? Walifungiwa. Mei 2016 serikali iliizuia video ya Chura, na Snura akaambiwa asipande jukwaani mpaka ajisajili Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Mwishoni mwa Februari 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikatangaza orodha ya nyimbo 13 zisizotakiwa kurushwa hewani. Chura imo, Kibamia imo. Novemba mwaka huohuo ukafuata Mwanza, ule wimbo wa Nyegezi wa Rayvanny na Diamond. Sasa hesabu mwenyewe: kati ya Mei 2016 na Februari 2018 ni karibu miaka miwili. Kwa muda huo ngoma ya kigodoro ya Manzese inakesha mara ngapi? Mtoto aliyekuwa akichungulia dirishani amekwisha kujifunza kucheza, na sasa anawafundisha wadogo zake.

Na fumbo usilionee aibu, ni urithi wetu. Taarab imeishi kwa mafumbo tangu bibi zetu hawajaolewa. Tofauti ni kwamba wao walilenga jirani mmoja, naye alijijua.

Hatua ya pili: tumia bipu vizuri

Prodyuza mzembe anaminya neno katikati ya mstari, likapotea bure. Wewe minya silabi ya mwisho tu, tena mwisho wa ubeti, pale ambapo kina kimeshalazimisha jibu. Mswahili amelelewa na vina: mpe vitatu, cha nne anakijua.

Ukitaka ushahidi panda daladala ya Mbagala Rangi Tatu saa 11 jioni. Redio inaimba, bipu inalia, konda anayening'inia mlangoni anamalizia neno. Mtoto wa darasa la tatu, sare imechomoka, begi limemzidi, amebanwa karibu na injini, naye anamalizia. Kwa sauti. Mama aliyekaa pembeni anamziba mdomo, abiria wanacheka, dereva anaongeza sauti. Mtoto yule hajui amesema nini, lakini kuanzia jioni hiyo anajua kwamba pale penye bipu kuna kitu wakubwa wanakificha, na atakitafuta. Bipu imemwonyesha njia zaidi kuliko wimbo wenyewe ungeweza.

Hatua ya tatu: mwachie mtangazaji

Peleka redioni toleo safi, lililonyooka. Mtangazaji wa kipindi cha jioni atalipiga, kisha atafungua kipaza sauti na kueleza kwa dakika tano, huku akigonga meza kwa kicheko, ulichokuwa unamaanisha. Wimbo ni safi, wewe ni msafi, na nyumba nzima imesikia.

Hatua ya nne: ukifungiwa, shangilia

Kufungiwa ni kiki ambayo hukuilipia. Asubuhi inayofuata nenda kibanda chochote cha kurusha nyimbo kwenye flashi, pale Temeke Mwisho au Mwananyamala. Bodaboda wanaouliza wimbo wako watakuwa wengi kuliko wiki iliyopita, na wanauita "ule uliofungiwa". Barua ya BASATA inafika kwenye studio ya redio. Haifiki kwenye spika ya bajaji.

Hatua ya tano: usiguse wakubwa

Hapa sikiliza kwa makini. Machi 2017 Ney wa Mitego alikamatwa na polisi kwa sababu ya wimbo wake Wapo. Haukuwa wimbo wa kitandani, ulisema mambo ya nchi. Siku iliyofuata akaachiwa, Rais Magufuli akiwa ameelekeza aachiwe na wimbo uendelee kupigwa. Kilichomtoa hakikuwa kanuni, kilikuwa neno la mtu mmoja. Na katika ile orodha ya nyimbo 13, I Am Sorry JK ya Nikki Mbishi, iliyomtaja Rais mstaafu Kikwete kwa herufi za jina lake, iliwekwa safu moja na Chura. Anayezungumza na rais na anayetikisa kiuno wakahukumiwa kwa karatasi moja.

Hatua ya sita: usiimbe jambo la kuokoa maisha

Mwanamuziki Remmy Ongala alilikosea hili. UKIMWI ulikuwa umeonekana Kagera tangu 1983, na miaka ilivyokwenda watu walikuwa wakizikwa kila wiki huku nyumbani ikinong'onwa kwamba ni malaria. Remmy akatunga Mambo kwa Soksi, akiwaambia wanaume wavae kinga. Kondomu yenyewe aliiita soksi. Redio ya taifa ilikataa kuupiga, na wakati huo redio binafsi haikuwepo. Radio One ilianza 1994. Wimbo ukabaki kumbini na kwenye kaseti, kwa waliokuwa na nauli na kiingilio. Kijana wa kijijini aliyekuwa na redio ya mkulima hakuusikia, na yeye ndiye aliyehitaji kuusikia.

Kwa hiyo neno la adabu lenye maana ya kuokoa lilizuiwa, na neno la adabu lenye maana ya chumbani linapita miaka miwili kabla ya mtu kushtuka. Aliyekaa mlangoni anakagua maneno, na maneno siyo yaliyobeba mzigo.

Nimekupa njia zote, mwanangu, nawe utazitumia. Ninachotaka ni zizibwe. BASATA na TCRA, wekeni saa: nyimbo za chumbani zipigwe baada ya saa 4 usiku, na mtangazaji anayezifafanua saa 11 jioni aadhibiwe kama mwimbaji. Kila wimbo unaozuiwa uandikiwe sababu yake hadharani, na mwimbaji apewe nafasi ya kujitetea kabla. Nyimbo za siasa ziondoeni kabisa kwenye orodha ya maadili. Na Mambo kwa Soksi ipigwe mchana kweupe, shule zikiwa zimefungua.