Hapa Ruksa Kugusa: Vitu Tisa vya Sikio na Kiganja, Kuanzia Mkiani

Mwenye macho haambiwi tazama. Wahenga walisema hivyo, na dunia ikaitikia kwa kujaza vioo kila mahali: mfukoni, sebuleni, ndani ya basi, hata dukani kwa Mangi. Sasa angalia ndugu zake macho wanavyoishi. Sikio linafokewa: "Nyamaza usikie!" Mkono nao unachapwa tangu utotoni: "We mtoto, usiguse!" Ukikua, ukaingia makumbusho, unakuta amri ileile imeandikwa kwenye kibao kizuri.

Mimi nasema mkono umeonewa vya kutosha. Nimekusanya vitu tisa, vingine vya wasanii, vingine vya mafundi, ambavyo sikio na kiganja vimeketishwa meza kuu. Nimevipanga kutoka mkiani hadi kileleni. Ukiona nimekosea mpangilio, gomba, lakini gomba huku tunatembea.

9. Kinundu cha namba tano

Shika simu ya kitochi, ile Wakenya wanayoiita mulika mwizi. Usiitazame. Tembeza kidole gumba katikati ya vitufe. Umekipata? Ndicho hicho, kipele kidogo juu ya tano.

Macho ya bibi yangu yalipoanza kuingia ukungu, alihamia kwenye kipele hicho. Alikifanya mlango wa nyumba yake: juu yake mbili, chini nane, kushoto nne, kulia sita. Alituma pesa taa ya chumba ikiwa imezimwa, simu imetoka kwenye pindo la kanga na inarudi hukohuko. Ujumbe ukiingia, mtetemo ulimgonga kiunoni kabla hata mlio haujaanza.

Tukajiona wajanja, tukamletea simu ya kioo. Akaipapasa mbele, akaipapasa nyuma, akanirudishia. "Mume wangu," akaniambia, "hii haina mlango."

Ni kweli kwamba tangu 2009 simu za iPhone zina VoiceOver, programu inayosoma kwa sauti kila unachokigusa kwenye kioo, na Android nazo zikaja na ya kwao mwaka huohuo. Huo ni ukombozi wa kweli kwa wasioona. Lakini kwa bibi, kipele kilikuwa kimeshamaliza kazi. Nimekiweka mkiani kwa kosa moja tu: hakiimbi.

8. Vigae vya Okayama

Mwaka 1965 Mjapani Seiichi Miyake alibuni vigae vyenye vinundu ili asiyeona asome njia kwa nyayo na fimbo. Vya kwanza vikatandazwa mwaka 1967 mjini Okayama, karibu na shule ya wasioona. Michirizi mirefu maana yake endelea, vinundu vya duara maana yake simama. Alfabeti ya herufi mbili, na hakuna aliyewahi kufeli mtihani wake.

7. Kitufe cha kuvukia barabara, Sydney

Unabonyeza kitufe kikubwa cha duara, na juu yake kuna mshale. Kisanduku kinaanza kugonga polepole: tok… tok… tok. Zamu yako ikifika, mlio unabadilika, unakimbia mfululizo, na mshale nao unatetemeka chini ya kiganja kwa mpigo uleule. Asiyeona anasikia. Asiyesikia anahisi. Anayechezea simu yake anashtuka, na hiyo nayo ni huduma.

Uingereza wana jibu lao, tena la siri. Chini ya kisanduku cha kuvukia barabara kuna koni ndogo ya chuma yenye mikwaruzo. Taa ya kijani ikiwaka, koni inazunguka kwenye vidole vyako. Wapo waliovuka hapo miaka yote wasijue ipo, maana haionekani mpaka upeleke mkono chini ya kisanduku kuitafuta.

Mpigo mmoja kuwa sauti na mguso kwa pamoja si mazingaombwe. Sauti ni mguso uliosafiri: hewa inasukumwa, inakuja kugonga ngozi iliyowambwa ndani ya sikio, na ngozi hiyo sisi wenyewe tunaiita ngoma. Muulize Evelyn Glennie wa Scotland, mpiga ngoma wa kimataifa aliyepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake akiwa mtoto. Hupanda jukwaani pekupeku ili sakafu imletee muziki kupitia nyayo.

Na mlio ule wa Sydney? Billie Eilish aliunasa akiwa ziarani, ukaingia ndani ya "Bad Guy", na mwaka 2019 wimbo ukashika namba moja Marekani. Kitufe cha kuvukia barabara kikavuka bahari.

6. Theremin, chombo kinachopigwa bila kuguswa

Najua, najua. Nimeahidi kugusa halafu nakuletea chombo kisichoguswa. Vumilia kidogo.

Mwaka 1920 mwanafizikia kijana wa Urusi, Lev Termen, alikuwa akihangaika na mtambo wa kupima gesi. Akagundua kwamba akisogeza mkono, mtambo unapiga mluzi. Mwingine angetafuta fundi. Termen, ambaye alikuwa amesomea pia kupiga cello, akaanza kuupigisha nyimbo, na mwaka 1922 akaenda kumpigia Lenin.

Siri yake ni hii. Ndani mna mitambo miwili inayotoa mawimbi ya redio, ya juu mno kwa sikio la binadamu. Ukisogeza mkono karibu na antena, mwili wako unaingia ndani ya sakiti na kuvuruga mmoja wao. Tofauti kati ya mawimbi hayo mawili ndiyo unayoisikia. Mkono mmoja unapandisha na kushusha sauti kuwa nyembamba au nene, mwingine unaikuza na kuipunguza. Hakuna waya wa kushika wala kitufe cha kukuonyesha ulipo. Clara Rockmore, aliyetokea kwenye fidla, alibuni namna ya kupanga vidole hewani hadi kila noti ikapata makao yake. Ukimtazama kwenye filamu za zamani utaapa kuna kitu amekishika.

5. Mimea inayojibu

Sisi tuliokua na kifauwongo kando ya njia tunajua utamu wa mmea unaojua kwamba umeguswa. Unapita, unaunyooshea kidole, unajikunja kama mwenye haya, unausubiri ufunguke, unaugusa tena. Mama anaita, huendi.

Mwaka 1992 Christa Sommerer na Laurent Mignonneau walichukua mimea halisi kwenye vyungu, wakaiunganisha na kompyuta, wakaiweka mbele ya kioo kikubwa. Ukipeleka mkono kwenye mmea, mimea ya mwanga inaota kwenye kioo. Umbali wa mkono na mwendo wake ndivyo vinavyoamua itaotaje. Ujanja ni ndugu wa ule wa Termen: mwili umejaa maji na chumvi na unabeba umeme kidogo, mmea nao vivyo hivyo, na vikikaribiana kompyuta inajua.

Mwaka 2007 wasanii wa Ufaransa wanaojiita Scenocosme wakaongeza sauti. Katika *Akousmaflore* mimea inaning'inia kutoka darini, na kila mmoja una mlio wake unapougusa majani. Wazia ukumbi mzima wa watu wazima wakipapasa majani taratibu, kila mtu na mmea wake.

Hapo ndipo ninapoipenda teknolojia kwa moyo wote. Kipanya kinafundisha kubofya, na kioo kinafundisha kutelezesha kidole. Mmea unakufundisha adabu ya mkono, kwa sababu jani halina kitufe cha "rudisha".

4. Mti uimbao wa Burnley

Juu ya kilima kinachoutazama mji wa Burnley, kaskazini mwa Uingereza, kuna mti wa mabomba ya chuma wenye kimo cha mita tatu. Mike Tonkin na Anna Liu waliusimamisha mwaka 2006. Mabomba yamelazwa kama tita la kuni lililopeperushwa na kimbunga, na upepo ukipita unayapuliza, mengine kwa nguvu, mengine kwa kunong'ona.

Debe tupu haliachi kuvuma, na kwa mara ya kwanza huo si usemi wa kumsema mtu. Utupu ndio uliolipiwa.

3. Mshindo chini ya Times Square

Kimya kingi kina mshindo. Je, na kelele nyingi zina nini?

Max Neuhaus alikuwa mpiga ngoma wa kumbi kubwa, akaacha kumbi. Mwaka 1977 aliingiza mashine ya sauti chini ya wavu wa chuma, kwenye kisiwa cha waenda kwa miguu cha Broadway, kati ya Mtaa wa 45 na wa 46, New York. Juu ya wavu ni honi, mabango ya umeme na watu wanaopigana vikumbo. Chini yake unapanda mvumo mzito, kama kengele kubwa iliyopigwa zamani na mlio wake ukakataa kufa. Haukatiki usiku wala mchana.

Wala hakuna kibao. Neuhaus mwenyewe hakutaka kazi hiyo iwekewe jina pale ilipo. Anayepita anaweza kudhani ni mitambo ya treni za chini ya ardhi, naye hajakosea vibaya. Lakini kuna anayesita. Anarudi hatua mbili, sauti inapungua. Anasogea, inamvaa. Wavu ni mlango, na mwili wake ndio unaochora kuta za chumba ambacho jicho halikioni. Jaribu kuwazia hivyo pale Kariakoo, katikati ya spika tano za wauza nguo: hatua moja umo ndani, hatua moja umetoka.

Mwaka 1992 Neuhaus alikizima chumba hicho, maana hakuwa tena na namna ya kukitunza. Mwaka 2002 kikawashwa upya, na Dia Art Foundation ndiyo inayokilea. Kwa miaka ile kumi watu waliendelea kukanyaga wavu ukiwa bubu. Kazi nzima ilikuwa sauti, na kibao cha kuililia hakikuwepo. Hilo limenikaa moyoni kuliko nilivyotarajia. Mnara ukibomolewa unaacha kifusi. Mvumo ukizimwa, hata kifusi hakuna.

2. Kinanda cha bahari, Zadar

Zadar ni mji wa bandari wa Kroatia. Vita Kuu ya Pili iliubomoa, na ukuta wake wa pwani ukajengwa upya kwa zege tupu. Mwaka 2005 msanifu Nikola Bašić akaubadilisha kuwa ngazi pana zinazoshuka majini, kwa urefu wa mita 70 hivi. Chini ya ngazi hizo wamelaza mabomba 35. Wimbi linaingia kwa chini, linasukuma hewa, hewa inapita kwenye filimbi, sauti inatokea kwenye matundu ya jiwe. Mpuliza zumari yeyote wa pwani yetu angeelewa kabla hujamaliza kueleza. Tofauti ni kwamba huyu mpulizaji haishiwi pumzi.

Halikuwa wazo la kwanza la aina hiyo. San Francisco walikuwa na chao tangu 1986, kazi ya Peter Richards na George Gonzales, chenye mabomba 25 na mawe yaliyotoka kwenye makaburi yaliyovunjwa. Pale inabidi ulaze sikio kwenye mdomo wa bomba, na maji yakijaa ndipo kinapata sauti. Kile ni cha mnong'ono. Zadar umepewa bendi nzima.

Kinachonivuta zaidi ni namna kinavyosikilizwa. Huwezi kukisikiliza umesimama kama mtu aliye benki. Unakaa. Jiwe lina joto la jua, mvumo unapanda kupitia makalio na uti wa mgongo, na ukiziba tundu kwa kiganja, bahari inakupumulia mkononi. Boti kubwa ikipita kwa mbali, unasubiri kidogo, kisha mawimbi yake yanafika na kinanda kinachanganyikiwa kwa furaha. Hakuna jioni mbili zenye wimbo mmoja. Bahari haifanyi mazoezi.

1. Jiwe lilialo la Moru, Serengeti

Umefika. Hapa hakuna umeme, waya, antena wala bomba.

Katika vilima vya mawe vya Moru, ndani ya Hifadhi ya Serengeti, kuna jiwe kubwa lenye vishimo vya mviringo, vimelikaa ubavuni kama ndui. Vishimo hivyo vilichimbwa na mikono: watu waligonga, wakagonga, vizazi kwa vizazi, mpaka jiwe likakubali kuliwa. Kila kishimo kina sauti yake. Mawe ya namna hiyo yapo pia Uganda, kwenye kisiwa cha Dolwe katika Ziwa Viktoria. Jiwe la kawaida ukiligonga linasema "ko" na kunyamaza, kwa sababu limelala ardhini lote. Hili limekaa juu ya mengine kwa kugusana kidogo tu, kwa hiyo lina nafasi ya kutetemeka kama ngoma iliyoinuliwa.

Sikwepeshi: nimelipa namba moja kwa mapenzi. Lakini nina hoja pia. Kazi nyingine zote za orodha hii zilibuniwa na wachache, kisha umma ukaalikwa. Hili lilitengenezwa na wapigaji wenyewe. Kila aliyeligonga alilichonga kidogo, na aliyefuata akakuta sauti imekaa vizuri zaidi.

Nilifika saa ya jua kali. Mwongozaji wetu aliokota kokoto lililolala palepale, akagonga kishimo cha juu: mlio wa chuma, mkavu. Akashuka kwa cha chini: mzito, wenye mkia mrefu. Nikanyoosha mkono kuomba kokoto nami nijaribu.

"Subiri kwanza, kaka," akasema. "Weka kiganja hapa ubavuni."

Nikakiweka. Jiwe lilikuwa la moto na la kukwaruza, na ndani ya kishimo kilichokuwa karibu na kidole changu kidogo lilikuwa laini kama sahani. Akazunguka upande wa pili, nikawa simwoni. Mlio ulinipanda mkononi, ukafika kwenye kiwiko.

"Umelipata?"

"Rudia," nikamwambia.