Mlango Uliogeuka Stempu

"Shekhe, hiyo ni picha au stempu?"

Swali lilitoka safu ya nyuma, ukumbi wa mashindano ya picha ukaangua kicheko, na mpiga picha wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Kwenye skrini ulisimama mlango alioubembeleza asubuhi kadhaa: mbao za nakshi, pete ya chuma, na juu yake roshani iliyobabuka rangi. Ulisimama kweli, ila mwembamba, giza kulia na giza kushoto. Jaji akarekebisha miwani, akaukodolea macho, akasema, "Inayofuata."

Mlango haukuwa na kosa. Vichochoro vya Kibokoni havikupi nafasi ya kurudi nyuma. Ukitaka kuunasa mlango pamoja na roshani yake, mgongo wako utagusa kiambaza cha jirani na kamera utaisimamisha wima, upende usipende.

Projekta nazo hazipendi wima. Nyingi za siku hizi zina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, umbo la televisheni. Kamera ya pikseli milioni 24 hutoa picha ya 6000 kwa 4000. Picha hiyo ikilala, hupunguzwa hadi 1620 kwa 1080 na karibu ijaze skrini. Ikisimama, kimo hakiwezi kupita 1080, basi upana hunywea hadi 720. Haya, piga hesabu: iliyolala hupata pikseli 1,749,600, iliyosimama, 777,600. Kamera ni moja, mpigaji ni mmoja, na bado picha moja inapewa chini ya nusu ya fungu la nyingine kabla jaji hajafungua mdomo.

Zamani haikuwa hivi. Slaidi ya milimita 35 ilibeba picha ya milimita 24 kwa 36 ndani ya fremu ya mraba, 50 kwa 50. Ilaze au isimamishe, eneo halibadiliki. Kilichotakiwa ni skrini ya mraba tu. Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004, na haki hiyo ikafa kimyakimya bila hata tanzia.

Hapa mzaha unaanza kuchachuka. Mji wa Kale wote umesimama: nyumba za ghorofa zinazotazamana kwa karibu, milango, mnara wa Msikiti wa Mandhry. Kumlazimisha mtu wa huku apige picha za kulala ni kumfukuza aende ufuoni. Na washindi wa usiku ule? Jahazi, machweo, na jahazi ndani ya machweo.

Mashindano yaliyofuata alipeleka picha ya kulala: bibi wa buibui barazani. Lakini projekta haitoi weusi, inaacha tu kumulika, na taa ya ukumbini ilikuwa inawaka. Buibui likatoka kijivu.

Picha nyingine, ya leso nyekundu, ikapauka, kwa kuwa faili ilikuwa ya mfumo wa rangi wa Adobe RGB na programu ya kuonyeshea ikaisoma kama sRGB.

Picha ya mwisho haikufika hata kwenye skrini. Ilikataliwa kwa kuwa na kimo cha pikseli 1081.