Maombi ya Leseni ya Kuacha Pombe

Kwa Waheshimiwa Wanakamati wa Leseni za Vileo, popote mlipoketi kwa kikao na posho yake.

MINTARAFU: KIBALI CHA CHUMBA CHENYE VITI VYA PLASTIKI NA BIRIKA LA CHAI

Waheshimiwa,

Tuseme yuko fundi wa magari, Nairobi hii hii, ambaye leo ameamua kwamba pombe basi. Mikono inamtetemeka, spana inamponyoka. Angekuwa anatafuta kinywaji, matunda ya kazi yenu angeyaona tangu stendi: bango lenye taa, muziki unaotikisa mabati, na juu ya kaunta leseni yenu ndani ya fremu ya kioo, safi kuliko bilauri. Kwa kuwa anatafuta namna ya kuacha, amepewa fununu tu: "Kuna watu hukutana nyuma ya kanisa fulani. Ukifika uliza mlinzi." Mlinzi amemtazama juu hadi chini, kisha akamwelekeza kwenye mazoezi ya kwaya.

Chumba alichokikosa kilikuwa mlango wa pili.

Huko hukutana kikundi cha Alcoholics Anonymous, au AA kama wanavyoiita wenyewe, chama kilichoanza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, baada ya mtu wa soko la hisa kukutana na daktari wa upasuaji, wote wawili wakiwa wameshindwa na chupa. Kwa macho ya utawala, chama hiki kina kasoro za kutisha. Hakina mwenyekiti wa maisha. Hakitozi ada ya uanachama. Sharti la kujiunga ni kutaka kuacha kunywa. Mwanachama hutaja jina moja, husema kwamba yeye ni mlevi, na wenzake humwitikia kwa jina hilo bila kuuliza la ukoo, kijiji wala kabila. Na kibaya zaidi, hakipokei mchango wa nje, hata wa serikali. Kamati ina haki ya kushuku. Mtu anayekataa fedha za umma katika nchi hii lazima achunguzwe.

Ndiyo maana barua hii inaomba kikundi kama hicho kiingizwe chini ya mkono wenu, kipate mema yote ambayo baa hupata.

Tuanze na saa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile ambayo mtaani ilibatizwa Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, iliruhusu baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi. Mkutano ukiwa saa kumi na mbili, fundi anayefunga gereji saa kumi na moja anabaki na saa nzima mkononi, na saa hiyo mmeikabidhi baa kwa muhuri.

Halafu kuna futi kamba. Sheria hiyo iliweka baa umbali wa mita 300 kutoka shuleni, na hilo ni jema. Mtoto wa darasa la nne amepimiwa. Baba yake, anayejaribu kupita milango sita ya mvinyo ili afike kwenye birika la chai, hakupimiwa kitu. Watengenezaji nao walilazimishwa kuchapisha onyo kwenye chupa. Ni kazi ya kupongezwa: chupa inamwambia mnywaji kwamba anaumia, ila haimwambii aende wapi.

Haki itendeke: ipo namba ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nayo ni 1192, inayopigwa bure, na aliye na simu na ujasiri kwa wakati mmoja ataipata. Lakini uchunguzi wa mamlaka hiyo wa 2022 ulikadiria kwamba Mkenya 1 kati ya 20, wa umri wa miaka 15 hadi 65, ni mraibu wa pombe, na kwa umati huo namba pekee haitoshi.

Serikali hujitokeza kwa nguvu watu wanapokufa. Ilikuwa hivyo Mei 2014, pombe yenye methanoli ilipoua makumi ya watu katika kaunti kadhaa. Ikawa hivyo tena Februari 2024 huko Kangai, Kirinyaga, ambako ilielezwa kwamba sumu ile ilikuwa kielelezo kilichotoroka kituo cha polisi. Kila mara mapipa humwagwa mbele ya kamera. Hakuna kamera inayomfuata mnywaji nyumbani usiku huo. Aliyezoea chupa kwa miaka, akikatizwa ghafla, anaweza kuona visivyokuwepo, kupata degedege, hata kufa. Huyo apelekwe hospitali kwanza, viti vya plastiki vitamngoja.

Mema yote ya baa yakiwa mengi mno kwenu, basi kinachoombwa ni kibao tu, cha ukubwa wa kile cha kinyozi, chenye mshale na saa ya mkutano. Kisisingiziwe kuvunja siri. Watu hawa huficha majina, hawafichi mlango.

Afisa wa afya ya umma akija kukagua, ataona choo kimoja na bango la hatua 12 za AA. Akiuliza bei ya chai, ataonyeshwa kikapu ambamo anayetaka hutia sarafu. Wanakamati nao wanakaribishwa. Mikutano ya wazi hupokea mgeni yeyote. Ile ya kufungwa ni ya wenye tatizo la pombe peke yao, na mwanakamati anayehusika hatadaiwa barua ya utambulisho.