Mita Kumi Hadi Mlango wa Choo

Ndugu yangu, kama una mke mwenye akili, mama mkwe mwenye afya njema na shemeji asiye na kazi maalumu, sogea tuliwazane. Kama huna, soma tu ujiandae.

Mimi ni mstaafu. Nilivaa sare ya serikali miaka mingi, na ndani ya sare hiyo nilikuwa mlengaji shabaha. Sijisifu, lakini tulipopanda lori kwenda Stoni Athi kwa mashindano ambayo askari wa Kenya huyaita Bisley, kwa jina la uwanja wa Uingereza ambako walengaji wamekutana tangu mwaka 1890, kuna watu walionisalimia kwa heshima. Tulipiga kwa G3, bunduki ya Kijerumani ya kilo nne na ushee, yenye teke ambalo bega langu la kulia halijalisahau. Mvua ikikaribia Kisumu, bega hujua kabla ya mawingu.

Basi uzee ukanituma nirudi mashindanoni. Zamani bunduki uliikuta ghalani, ukasaini, ukaondoka nayo. Sasa ilibidi nichague yangu mwenyewe, na nyumbani kwetu hakuna mtu anayechagua kitu chake mwenyewe. Hata soksi hupita kikaoni.

Kikao chenyewe nikutambulishe. Mwenyekiti ni mke wangu, Nyar Seme, fundi cherehani wa kutegemewa kuanzia Kibuye hadi Kondele. Binti yetu kitinda mimba tunamwita Kamera, maana hakuna jambo lisilonaswa na simu yake. Shemeji yangu ni Injinia. Amesomea nini hatujui, ila hakuna mtambo asioweza kuufungua. Kuufunga ni habari nyingine. Na juu ya wote yuko mama mkwe, Jaji Mkuu, jina ambalo nalitaja hapa kwa kuwa hasomi magazeti.

Kwa mila tulizolelewa nazo sisi Wajaluo, mama mkwe halali kwa mkwewe. Jaji Mkuu anaiheshimu mila hiyo kikamilifu: hulala kwa Injinia, Nyalenda, hufika kwangu kabla ya chai ya asubuhi, na huondoka taarifa ya habari ya usiku ikiisha. Tena mkwe na mama mkwe hawapaswi kula pamoja. Yeye akiwa sebuleni, mimi niko jikoni. Hivyo kwa sehemu kubwa ya siku mimi ni mkazi wa jikoni kwenye nyumba ninayoilipia kodi.

"Bunduki ya kumpiga nani, Baba Akinyi?" mwenyekiti alianza.

"Ya kupiga karatasi."

"Karatasi imekukosea nini?"

Nikamweleza habari za Oscar Swahn, Mswidi aliyepata medali ya fedha ya kulenga shabaha kwenye Olimpiki ya Antwerp mwaka 1920 akiwa na umri wa miaka 72. Nilitaka aone kwamba mchezo huu haumtupi mzee. Sauti ikatoka sebuleni: "Huyo mke wake alikuwa ameshakufa?"

Tukaendelea. Nilianza na bunduki kubwa, za risasi ya 7.62, za kupiga mamia ya mita huku umelala kifudifudi. Bega likapiga kura ya hapana kabla ya mke wangu. Nikashuka kwenye ile ndogo ya .22, ya mita 50. Hapo duara la kumi lina kipenyo cha milimita 10.4, na kirisasi chenyewe hakifiki gramu tatu. Sasa wewe unaijua Kisumu. Alasiri upepo wa ziwa ukiamka, hata magugu maji yanahama. Upepo unaosukuma mashua ya mbao hadi Dunga utakionea huruma kirisasi cha gramu mbili na nusu? Juu ya hayo, ya .22 ni silaha kamili. Bodi ya Leseni za Silaha itataka kujua wewe ni nani, mwenendo wako ukoje, na silaha utaihifadhi wapi. Hapo kwenye "wapi" ndipo nilipokwama. Kasha la chuma ni la kufungwa ukutani, na mwenye nyumba wetu hulalamika hata ukipigilia msumari wa kalenda.

Ikabaki bunduki ya upepo ya mita kumi. Usicheke. Unapiga ukiwa umesimama wima, vidonge 60 vya milimita 4.5 kwa saa moja na robo, na kumi yenyewe ni kidoa cha nusu milimita, kama nukta inayofunga sentensi hii. Unapigia ndani, upepo wa ziwa ubaki na wavuvi. Nayo pia nitaipitisha kwa Bodi kabla ya kuagiza, sitaki kuitwa bandarini kueleza. Mwaka 2008 huko Beijing, Abhinav Bindra aliipatia India dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki ya mtu mmoja mmoja kwa bunduki ya aina hiyo, na risasi yake ya mwisho ilikuwa 10.8 katika upeo wa 10.9. Nikaongeza, kwa bahati mbaya, kwamba babake alimjengea uwanja wa mazoezi nyumbani.

"Babake alimjengea," akasema Nyar Seme. "Wako alikuachia nini?"

Alinijengea tabia, nikasema. Kikao kikaomba tuendelee na ajenda.

Za siku hizi, Feinwerkbau, Walther, Anschütz, zina silinda ya hewa iliyoshindiliwa hadi bari 200, na bei ya mpya hupita euro 2,000. Bei hiyo niliisema kwa sauti ya chini. Injinia akadakia kwamba hewa si tatizo, ana rafiki mwenye kompresa ya kujaza magurudumu pale stendi ya tuktuk. Nikamwambia kompresa ile hufika bari kumi hivi ikijitahidi. Akasema basi tutajaza mara 20. Ndugu msomaji, huyu ndiye mjomba wa wanangu.

Ukisikia ya mtumba, chunguza silinda kwanza. Ina tarehe yake, miaka kumi ikipita haitumiki tena mashindanoni, na ndiyo maana mwenyewe anaiuza rahisi. Ipo pia ile ya kizamani ya springi, unayoikoki kwa mkono kila risasi. Haina silinda wala pampu, na kwa mtu wa pensheni ina mvuto wake.

Lakini jina la kiwanda ni la kujisifia tu. Kubwa ni bunduki ikukae. Kitako kiwe na urefu unaoendana na mkono wako, pale pa kulaza shavu pawe juu kiasi cha jicho kukutana na kitundu cha kulengea bila shingo kuinama. Hapo nilihitaji vipimo, na futi ya kupimia iko shingoni mwa Nyar Seme kama stetoskopu. Alinipima kiwiko hadi kidole cha triga, akanipima bega, kisha bila kuombwa akanipima tumbo, akaandika, akapiga mstari chini yake mara mbili.

"Ulipostaafu ulikuwa 36," akasema. Hatukuongea hadi jioni.

Kesho yake alinisamehe kwa njia yake: alinishonea koti la kulengea. Koti hilo huwa gumu ili kushikilia mgongo, ila kanuni zinasema kitambaa kisizidi unene wa milimita 2.5. Alinunua turubai Kibuye, akavunja sindano kadhaa, na likatoka koti ambalo ukilivua linasimama lenyewe. Nikilivaa, siwezi kukaa wala kuokota kitu.

Nikaanza mazoezi bila bunduki. Nilichukua fimbo ya ufagio, nikaifungia pakiti mbili za unga za kilo mbili kwa utepe wa gundi, maana bunduki yenyewe inaruhusiwa hadi kilo tano na nusu na mikono ilibidi izoee. Nilitafuta mita kumi nyumbani kwetu. Zinapatikana mahali pamoja tu: ukiegemeza mgongo kwenye ukuta wa jikoni, ukalenga kupitia koridoni, mita kumi zinaishia kwenye mlango wa choo. Nikabandika karatasi ya shabaha mlangoni.

Siku ile nilikuwa nimeipata. Miguu imetulia, kiwiko cha kushoto kimekaa juu ya nyonga, pumzi nimeitoa nusu nikaizuia. Macho yote wazi, maana kufumba moja huchosha lingine. Duara jeusi likaganda pale pale. Nikaanza kuvuta triga ya kufikirika, polepole, kama tulivyofundishwa.

Mlango ukafunguka. Mahali pa duara jeusi pakawa na kilemba cha Jaji Mkuu, katikati kabisa.

Aliinua mikono yote miwili, kopo la maji likiwa katika mmoja. Mimi nami, kwa sababu ya koti, sikuweza kushusha ufagio haraka. Tukabaki hivyo, mkwe na mama mkwe, tunaotakiwa hata tusitazamane machoni. Kisha akapiga ukemi uliofika barabarani, na mzee wa nyumba kumi akaingia na vijana wawili wa bodaboda ambao hakuna aliyewaita. Ushahidi waliokuta ni mstaafu aliyevaa turubai, ameelekeza unga chooni. Kabla sijajieleza, video ilikuwa kwenye kundi la ukoo, na shangazi wa Homa Bay alikuwa ameshauliza kama tumepigana.

Hukumu ilitolewa Nyalenda, nikiwa sipo. Mbuzi mmoja na leso doti mbili. Injinia aliileta kwa mdomo, akala chakula cha mchana, akaomba nauli. Mbuzi alitoka kwenye akiba ya bunduki, leso pia, nauli pia. Nyar Seme akafunga kikao kwa azimio: ni ya upepo, ya springi, mtumba, tena nikaazime kwanza kwa mtu nijaribu kama inanikaa kabla ya senti kutoka. Kusema kweli ndivyo mlengaji yeyote mwenye busara angenishauri. Hiyo ndiyo shida ya kuishi naye.

Akiba sasa inaanza upya. Koti amelichukua Jaji Mkuu kama sehemu ya fidia. Alilivaa asubuhi moja kwenda Dunga kununua ngege, na aliporudi alisema upepo wa ziwa haukuingia hata kidogo, na kwamba akina mama wa samaki wamelipenda. Nyar Seme tayari amepokea malipo ya awali ya makoti kadhaa. Anasema bunduki tutaizungumzia faida ikionekana. Mimi nimepewa idara ya vifungo.