Usia wa Busia

Kijana wetu wa saiba hapa Port Victoria kanunua kibodi iliyopasuliwa vipande viwili, kama mbuta wa kukaushwa. Eti mabega yapumue. Hongera! Ila vidole vyake vilizoea kuifuata B kwa mkono wa kulia, na kwenye kibodi nyingi za aina hiyo B hubaki kushoto. Kila akiandika "Busia", kidole kinatua mezani. Jana barua ya mzee ya kuomba leseni ya mashua imetoka imeandikwa "Kaunti ya Usia". Mzee kashtuka: "Mwanangu, nani amefariki?"

Waliopasua ubao hawakuthubutu kugusa herufi zenyewe. Mpangilio ni ule uliotokana na taipureta ya Sholes wa Marekani, karne ya 19: A, mtumwa wa kila neno la Kiswahili, bado inabebwa na kidole cha mwisho, huku Q na X, tusizozihitaji, zimekalia viti vyao. Mabega yamestarehe, kidole kinaugua.

Mafundi, mkishapasua, tuwekeeni B pande zote mbili. Busia yenyewe iko Kenya, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, iko Busia nyingine.