Reli ya Kati Kwenye Rafu ya Mtoto

Hamburg, Ujerumani

Baba Mdogo na wakubwa wote hapo Tabora,

Kuhusu ile picha niliyorusha kwenye grupu la familia: lile si kabati la vyombo, na shangazi aache kuuliza sufuria zitakaa upande gani. Ile ni reli. Mjukuu wako ametimiza miaka sita, ameomba treni. Nyumbani jambo kama hili ni la nusu saa: unaenda dukani, unanunua, mtoto anaizungusha uvunguni mwa kitanda, basi. Lakini huku ni Ujerumani. Kabla kitu hakijachezewa, kinapangwa kwanza.

Duka lenyewe la treni za watoto halina mtoto. Ni wazee watupu wenye mvi, wamesimama kimya mbele ya makabati ya vioo kama watu waliokuja kuaga maiti. Nikamwambia muuzaji nataka treni ya mtoto. Akauliza: ya enzi gani? Hawa wenzetu wamegawa historia ya reli yao katika enzi sita, tangu treni za kwanza hadi leo, na kufunga behewa la enzi ya sita kwenye kichwa cha enzi ya tatu ni jambo la kukuharibia jina. Nikaikumbuka stesheni yetu ya Tabora: jengo la Mjerumani, kichwa cha dizeli cha miaka ya kati, behewa ambalo umri wake anaujua Mungu, na ndani abiria wa leo anatafuta pa kuchajia simu. Enzi zote zimesimama jukwaa moja, na safari ipo. Sikumwambia. Angelazimika kukaa chini.

Kipimo kinachopendwa huku kinaitwa H0. Kila kitu kinapunguzwa mara 87. Reli ya Ulaya, ambayo upana wake ndio huo wa SGR yetu, milimita 1,435, inakuwa milimita 16.5. Reli yetu ya zamani, ile ya mita moja uliyoifanyia kazi wewe, nayo ipo kwa milimita 12. Wanaiuza kwa wapenzi wa treni za milimani za Uswisi, na bei yake imepanda huko huko mlimani. Nikapiga hesabu. Dar hadi Kigoma ni kilomita 1,250 hivi. Ukigawa kwa 87 unapata kilomita 14 na kitu. Ukuta wa chumba cha mjukuu wako una mita tatu na nusu.

Mahali ninapopajua ambapo Dar–Kigoma nzima ingeenea ni hapa hapa mjini, kwenye maghala ya zamani ya Speicherstadt. Panaitwa Miniatur Wunderland. Palifunguliwa mwaka 2001 na ndugu wawili mapacha, Frederik na Gerrit Braun. Kwetu wangeitwa Kulwa na Doto, wangeambiwa waache michezo wakachote maji. Leo reli zao zimepita kilomita 15, treni zaidi ya elfu moja. Nilimpeleka mjukuu wako, akarudi na mpango kamili: kitanda kitoke.

Si kwamba alikosea sana. Tatizo la treni ni kona. Kona ndogo ya kawaida kwenye H0 ina nusu kipenyo cha sentimita 36, kwa hiyo treni ikitaka kuzunguka na kurudi ilikotoka inadai ubao wa sentimita 80 na zaidi, yaani kitanda chenyewe. Mama yake alisikiliza maelezo yote hayo, kisha akauliza mtoto atalala enzi ya ngapi. Hoja ikafungwa.

Kipo kipimo kidogo zaidi, N, cha mara 160, kinachoweza kugeuka hata kwenye ubao mwembamba. Hicho niliachana nacho mapema. Behewa lake likidondoka kwenye zulia, utalipata usiku, kwa unyayo.

Halafu mtoto mwenyewe anataka ICE, ile nyeupe ya mwendo kasi. Ya kwanza kabisa, iliyoanza kazi mwaka 1991 ikitokea hapa Hamburg, ikiwa na vichwa viwili na mabehewa kumi na mawili ina urefu wa mita 358 hivi. Kwa H0 ni mita nne na ushee. Yaani ukiitandaza yote, kichwa kimoja kiko dirishani na cha pili kiko sebuleni kinaangalia taarifa ya habari, na safari haijaanza.

Basi tukaangukia rafu. Ubao wa upana wa sentimita 30, juu ya meza yake ya kusomea, kimo cha macho yake. Hapo nikakutana na mambo ya nyumba ya kupanga. Kila tundu nitakalotoboa leo nitaliziba siku ya kuhama. Saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa kimya, na Jumapili drili haishikwi kabisa, maana jirani wa chini anayo masikio na anayo kalamu. Mlango unafungukia ndani, kwa hiyo upande huo haupitiki. Chini ya dirisha kuna radieta, na mbao ikipashwa joto msimu mzima inapinda, reli nazo zinaifuata. Pimamaji ndiyo silaha kuu: rafu ikiinama kidogo tu, behewa linaondoka bila kichwa wala ruhusa ya stesheni masta. Ukingoni nitaweka plastiki angavu ya kimo cha vidole vitatu. Kutoka pale hadi sakafuni ni zaidi ya mita moja, na bei ya kichwa kimoja cha treni sitaiandika hapa, shangazi anasoma barua hizi.

Sasa treni isiyozunguka wala kwenda mbali itafanya nini? Kuna Mwingereza, Alan Wright, alibuni mchezo unaoitwa Inglenook. Reli tatu, swichi mbili, mabehewa manane. Njia moja inabeba mabehewa matano, mbili zinabeba matatu matatu, na mkia wa kuvutia unatosha kichwa na mabehewa matatu, basi. Unachota karata, zinakutajia mabehewa matano kwa mfuatano wake, nawe unayavuta na kuyasukuma mpaka yakae hivyo hivyo. Mifuatano inayoweza kutokea ni 6,720, na mchezo wote unaenea kwenye ubao wa mita moja na nusu.

Nilipomaliza kusoma maelezo nikacheka peke yangu. Baba Mdogo, hiyo ni shantingi! Kazi iliyokuamsha alfajiri miaka yote ile, huku watu wanainunua wakapumzikie.

Ndiyo maana ulipopiga simu ya video Jumamosi ulitukuta sakafuni. Nilikuwa nimechora reli kwenye karatasi kwa vipimo halisi na kuzibandika kwa selotepu, mjukuu wako anasukuma mabehewa kwa kidole kuona kama yanaenea. Hukusalimia hata. "Manne hayaingii hapo! Rudisha moja!" Akarudisha. Ukauliza nani anakata mabehewa, nikakuonyesha kijiti cha mshikaki tunachopenyeza katikati kuyaachanisha. Ulinyamaza kidogo. Kisha ukamweleza mtoto ulivyokuwa unaingia mwenyewe katikati ya mabehewa, usiku, taa mkononi, na dereva hakuoni, anaisikia tu filimbi yako. Ukaenda kuileta ile filimbi, ukaipuliza.

Kwa hiyo ninayo maombi mawili. La kwanza, unichoree kwa mkono wako yadi ya Tabora ilivyokuwa wakati wako, hata njia tatu tu zinatosha, nione ipi inafaa rafuni. La pili ni hiyo filimbi. Tangu Jumamosi mjukuu wako hasogezi behewa mpaka ipulizwe, na ameiweka sauti ya simu mwisho. Kwa hiyo piga saa mbili usiku ya huko, huku jioni bado changa. Jumapili tumia bendera.